Reli ikipita mtaani: yanayowapata wanaoishi kando yake

Wengi wetu katika bonde la Kilombero tulizaliwa tukaikuta TAZARA ipo, kama tulivyoikuta milima ya Udzungwa. Ni rahisi kusahau kwamba kabla ya mwaka 1970 hapakuwa na tuta lile, stesheni zile, wala baadhi ya vijiji ambavyo leo tunavitaja kana kwamba vimekuwapo siku zote.

Septemba 2025 mkataba ulisainiwa kati ya Tanzania, Zambia na kampuni ya CCECC ya China wa kuifufua na kuiendesha reli hiyo kwa miaka 30, kwa uwekezaji unaotajwa kufikia dola za Marekani bilioni 1.4. Kwa hiyo maneno kama upimaji, hifadhi ya reli, kambi ya mkandarasi na fidia yanarudi midomoni Mang'ula, Kiberege, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba. Katika makala hii tunaeleza kinachotokea kwa watu pale njia ya reli inapojengwa au kufumuliwa karibu na makazi yao: kabla ya kazi kuanza, wakati wa kazi na miaka mingi baadaye. Mifano mingi ni ya hapa bondeni. Mingine tumeichukua mijini, kwa sababu huko watu wameyapitia hivi karibuni.

Alama ya X huja kabla ya tingatinga

Athari ya kwanza ya mradi wa reli au barabara ni habari yenyewe. Wapimaji wakionekana na vigingi vyao, bei ya viwanja hubadilika siku hiyo hiyo. Madalali hufika na kununua kwa mwenye shida ya haraka. Mwenye nyumba naye husita: apige lipu au asubiri? Apande michikichi mingine au aache? Wapo wanaokaa miaka bila kuendeleza chochote kwa sababu waliambiwa eneo litachukuliwa, na mradi haujaanza. Hasara hii haiandikwi popote, lakini ni ya kweli.

Kisha huja rangi ukutani. Kwenye barabara, wengi wanaijua alama ya X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 za zamani huhesabiwa kuwa amevamia na huwekewa X nyekundu. Aliyekuwa nje ya mpaka wa zamani, kisha sheria mpya ikamfuata nyumbani, huwekewa X ya kijani, na huyo anastahili kulipwa eneo lake linapohitajika. Rangi moja inaweza kuwa tofauti kati ya kujenga upya na kurudi kwa wazazi.

Dar es Salaam walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, na wenyewe hawakulipwa fidia wakati ule, kwa maelezo kwamba walikuwa ndani ya hifadhi ya mita 121.5. Walikuwamo watu walioishi pale miaka mingi, wenye umeme na maji ya bomba. Kuunganishiwa umeme hakuthibitishi kwamba uko nje ya hifadhi. Tunalisema hili kwa sababu hata bondeni tunasikia mtu akijitetea kwa bili ya umeme.

Reli nayo ina hifadhi yake, na TAZARA ina sheria yake yenyewe. Usipime kwa hatua za miguu wala kwa maneno ya jirani. Uliza jiwe la mpaka liko wapi, na uonyeshwe kwenye ramani katika ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Miaka mitano ya kelele na biashara

Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa Oktoba 1970 na marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda. Zambia ilikuwa imebanwa: njia yake ya kwenda baharini ilipita Rhodesia, na utawala wa walowezi huko ulikuwa umejitangazia uhuru Novemba 1965. China ilitoa mkopo usio na riba. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976.

Kwa bonde letu, miaka hiyo ilikuwa ya kishindo. Mang'ula iligeuka kuwa kambi kubwa yenye karakana, na baada ya ujenzi karakana hizo zikawa kiwanda cha zana. Maelfu ya vijana kutoka mikoa mbalimbali walifika kufanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ndiko kazi ilikokuwa ngumu kuliko kote: milima, mahandaki na madaraja marefu juu ya mabonde, likiwamo la mto Mpanga lenye urefu wa kama mita 50 kwenda juu.

Watu wengi namna hiyo wanakula. Mwenye mpunga, ndizi, kuku au samaki alipata soko mlangoni. Hali hiyo huonekana katika kila mradi mkubwa, na tumeiona tena wakati wa ujenzi wa barabara ya Kidatu hadi Ifakara: mama lishe hufungua banda, mwenye chumba kimoja hupangisha, gesti hujaa, vijana hupata vibarua. Lakini bei ya chumba na ya kilo ya nyama hupanda kwa wote, hata kwa mwalimu na mkulima ambao mshahara wa mkandarasi hauwafikii. Mimba za wasichana wa shule na magonjwa ya zinaa navyo huongezeka palipo na kambi. Siku kambi inapohama, biashara nyingi hufa ndani ya miezi michache. Aliyekopa kujenga vyumba kumi akitegemea wafanyakazi wa mradi hubaki na deni na kufuli.

Vumbi na mtikisiko navyo vina gharama. Kokoto hupasuliwa kwa baruti. Nyumba ya tofali za kuchoma iliyojengwa kwa udongo hupata nyufa upesi kuliko iliyojengwa kwa saruji, na baadaye ni vigumu kuthibitisha ufa ulianza lini. Piga picha za kuta zako kwa simu kabla kazi haijaanza, ndani na nje. Picha yenye tarehe ndiyo itakayokusemea.

Jambo jingine ni mashimo. Ili kupata kifusi cha tuta, mkandarasi huchimba pembeni, na mashimo yakiachwa wazi hujaa maji ya mvua na kuwa mazalia ya mbu. Ifakara haihitaji kuelezwa habari za mbu. Kituo cha utafiti wa magonjwa kimekuwapo hapa tangu miaka ya 1950. Kufukia mashimo au kuyageuza mabwawa yanayotunzwa ni jambo la kuandikwa kwenye makubaliano na kijiji mapema, kabla magari ya mkandarasi hayajaondoka.

Mijini wanachimba chini

Katika miji mikubwa, reli mpya mara nyingi hupita chini ya ardhi. London ilianza mwaka 1863, na barani Afrika Cairo ilitangulia mwaka 1987. Mtu anaweza kudhani kwamba treni ikipita chini, juu kuna amani. Sivyo. London walichimba mtaro mkubwa, wakajenga kuta na paa, kisha wakafukia. Mitaa ya maskini iliyokuwa njiani ilibomolewa, na kwa kuwa wengi walikuwa wapangaji, aliyelipwa alikuwa mwenye nyumba. Siku hizi mashine hutoboa mwamba kwa kina bila kubomoa kila kitu juu, lakini penye stesheni shimo lazima litokeze, na hapo barabara hufungwa kwa miaka. Mwenye duka nyuma ya uzio wa mabati hupoteza wateja huku kodi ikiendelea kudaiwa.

Dar es Salaam haina reli ya chini, lakini ujenzi wa awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka uliwapa wenye maduka wa barabara ya Morogoro ladha hiyo hiyo. Mabasi yalipoanza Mei 2016, daladala ziliondolewa kwenye njia ile, na bodaboda, bajaji na wauza matunda wakajipanga upya kufuata vituo. Mteja alihama kwa mita mia mbili tu, na kwa mwenye genge mita mia mbili ni nyingi.

Kinachojenga mji ni mahali treni inaposimama

Hapa ndipo penye somo kubwa la TAZARA, na tungependa lieleweke vizuri. Reli inapita karibu na watu wengi, lakini inawafaa walio karibu na stesheni. Kwa aliye katikati ya vituo viwili, reli ni kelele, hatari kwa watoto na ng'ombe, na kizuizi cha kwenda shambani. Kwa aliye kituoni, ni soko.

Mlimba ni mfano ulio wazi. Iko mahali ambapo bonde linaisha na mlima unaanza, na treni lazima isimame. Makazi yalikua kuzunguka stesheni, wafanyabiashara wakaja, na leo ipo halmashauri inayobeba jina lake. Ifakara ni tofauti kidogo. Mji ulikuwapo zamani, na stesheni ikawekwa nje ya katikati ya mji, kwa hiyo kati ya treni na soko kuna safari ya pili ya kulipia. Bodaboda wa kituoni wanaishi kwa nafasi hiyo.

Treni zilipoanza kupita, katika miaka ile ile serikali iliendesha Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Watu waliokuwa wametawanyika walihamishwa kwenye vijiji, na baadhi ya vijiji hivyo vilipangwa kando ya reli. Kwa hiyo si wote wanaoishi karibu na njia walijisogeza wenyewe, wengine walisogezwa. Baadaye walikuja wengi kwa hiari, kutoka nyanda za juu na hata mbali zaidi, kufuata ardhi ya mpunga. Wandamba, Wapogoro na Wambunga wakapata majirani wapya, na mashamba ya karibu na vituo yakapata bei.

Biashara iliyokua si ile ya waliopanga reli. Wao walifikiria shaba ya Zambia. Wakulima na wachuuzi walifikiria treni ya kawaida ya abiria, ile inayosimama kila kituo, ambayo mama anapakia magunia mawili ya mchele Mbingu na kuyashusha Makambako, kisha anarudi na maharage na viazi. Bonde lina mpunga, mlima una maharage. Treni iliwaunganisha watu wa chakula tofauti, na kwa miaka mingi iliwafikia hata wakati wa masika, barabara ya Mlimba ilipokuwa tope tupu.

Kwa sababu hiyo hiyo, treni ikipungua kijiji hupata pigo. TAZARA ilijengwa kubeba hadi tani milioni 5 kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Injini zilipochakaa na safari zikawa za kubahatisha, mchuuzi wa ndizi mbivu hakuweza kupanga siku. Ndizi haisubiri ratiba. Waliokuwa na mtaji walihamia kwenye malori, wasio nao waliuza shambani kwa bei ya mnunuzi.

Tuta na maji

Reli yetu inapita chini ya milima ya Udzungwa, na mito inayoshuka huko, kama Lumemo, Ruipa, Mngeta na Kihansi, lazima ivuke njia ili ifike mto Kilombero. Tuta ni ukuta. Maji hupita palipoachwa nafasi tu: darajani na kwenye makaravati. Karavati likiziba kwa mchanga na magogo, upande wa mlimani hufurika, na yakipata mwanya hutoka kwa nguvu na kuchimba shamba la mtu upande wa pili.

Wakulima wa eneo husika ndio wanaojua maji yalipita wapi mwaka wa mvua kubwa. Mhandisi anayefika kiangazi anaona mfereji mkavu. Katika ukarabati wowote, mkutano wa kijiji ukiulizwa maoni, suala la makaravati lina uzito kuliko hotuba za shukrani.

Fidia: nini kinahesabiwa

Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila fidia inayostahili. Sheria za ardhi za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhawilishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, baada ya mkutano mkuu kutoa maoni yake. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka hayo, hata akiwa na muhuri.

Wengi hudhani fidia ni bei ya nyumba basi. Kanuni za mwaka 2001 zinataja mambo zaidi. Kwanza ni thamani ya ardhi na maendelezo, kwa bei ya soko: nyumba, miti, mazao ya kudumu. Juu yake kuna posho ya usumbufu, ambayo ni thamani hiyo ikizidishwa kwa wastani wa riba ambayo benki hulipa kwa akiba ya muda maalumu wa miezi 12. Kuna posho ya usafiri, gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kuna posho ya makazi, sawa na kodi ya miezi 36. Tuchukue mfano: kama nyumba kama yako hupangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, posho hiyo peke yake ni shilingi 1,800,000.

Na kuna hasara ya faida kwa mwenye biashara: faida halisi ya mwezi mara 36. Mwenye mgahawa anayebaki na shilingi 150,000 kwa mwezi angestahili shilingi 5,400,000. Kikwazo ni ushahidi. Kanuni zinataja hesabu zilizokaguliwa pale zinapohitajika, na mama lishe wetu hana mkaguzi. Daftari la mauzo la kila siku, risiti za mzigo, miamala ya simu na leseni vinasaidia kuliko maneno matupu. Shamba au kiwanja kisichokaliwa na mtu hakipati posho za usafiri, makazi wala hasara ya faida.

Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, na kuyahamisha kuna gharama zinazolipwa. Onyesha makaburi yote wakati wa uthamini, hata yasiyojengewa. Lisilohesabiwa siku ile ni shida kulidai baadaye.

Uthamini hufanywa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016, malipo yanatakiwa kufanyika ndani ya miezi sita tangu kuidhinishwa. Yakichelewa, riba huanza kuhesabiwa, na uthamini ukipita miaka miwili bila malipo, unatakiwa kurudiwa. Kwa hiyo tarehe ni mali. Usisaini fomu isiyojazwa, na kabla ya kuirudisha ipige picha kurasa zote. Usipoelewa, omba usomewe mbele ya mtu unayemwamini. Ndoa nazo zina sehemu hapa: mke aulizwe na jina lake lionekane, kwa sababu tumesikia zaidi ya mara moja habari za fedha zilizoishia mjini.

Mpangaji ndiye aliye hatarini zaidi. Fidia ya jengo huenda kwa mwenye jengo. Anayekodi fremu ahakikishe biashara yake inaandikwa kwa jina lake siku ya uthamini, badala ya kungoja ahadi ya mwenye fremu.

Safari hii tuta lipo tayari

Ufufuaji wa TAZARA haufanani na kujenga njia mpya. Tuta lipo, madaraja yapo, na ardhi ya njia ilitwaliwa miaka zaidi ya 50 iliyopita. Wa kwanza kuguswa ni waliosogea ndani ya hifadhi taratibu, msimu baada ya msimu: bustani ya mchicha kando ya tuta, banda la chipsi la stesheni, nyumba ya mtoto aliyeoa akagawiwa ua wa nyuma. Hao ndio wanaopaswa kuuliza mipaka sasa, kabla ya mtu mwenye kopo la rangi kufika.

Jambo la pili la kuuliza mkutanoni ni treni ya abiria. Mwekezaji hupata fedha zake kwenye shaba na makontena, na treni ya mizigo haina haja ya kusimama Mngeta. Ni vituo gani vitabaki wazi, treni ya kusimama kila kituo itapita mara ngapi kwa wiki, na magunia ya mchuuzi yatapimwa kwa bei gani? Maswali hayo yapelekwe kwa maandishi kupitia serikali ya kijiji na diwani, nakala ibaki kijijini, na tarehe ya kupokelewa iandikwe juu yake.